Dhamira Tuliyoandika Mara Mbili

Mama yangu mkubwa ni mweka hazina wa kikoba kimoja Kihonda, Morogoro. Mwishoni mwa mwaka 2017, wakati wa kuvunja kikoba ulipofika, nilikaa naye siku mbili nzima mkekani tukipiga hesabu za gawio. Wanachama 28, kila mmoja na hisa zake za kila Jumamosi, mikopo, riba, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii, na vyote vimo ndani ya kauntabuku mbili zilizolainika pembe kama kitambaa. Tulikosea mara tatu. Mara ya tatu ilipungua shilingi 4,500, na mama mmoja akasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba pesa haina miguu. Mama mkubwa hakumjibu. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Programu yetu ilizaliwa kwenye mkeka ule. Mimi na wenzangu wawili niliosoma nao chuo tulitengeneza kitu kidogo cha kwenye simu: unaingiza majina, hisa, mikopo na marejesho, na siku ya kuvunja kinakupa gawio la kila mtu pamoja na njia ya hesabu yenyewe, mstari kwa mstari, ili mwenye shaka aone shilingi yake ilipotoka na ilipokwenda. Tuliiweka wazi GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi na kuandika programu kwa pamoja, kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Hatukuumiza kichwa kwa nini leseni ile na si nyingine. Tulitaka tu mwenye kikoba chake Mtwara au Kigoma aichukue bila kutuomba.

Dhamira iliyoandikwa hatukuwa nayo, wala haikutupungukia. Tulikuwa watatu, meza moja, na tulipotofautiana tulimpigia mama mkubwa simu. "Shikamoo mama mkubwa. Hivi mwanachama akifariki katikati ya mwaka, hisa zake mnazifanyaje?" Baada ya marahaba yalifuata maelezo ya dakika ishirini, na maelezo hayo ndiyo tuliyoyageuza kuwa programu.

Kisha watu wakaanza kuja. Kijana wa Mombasa aliyekuwa akiwashikia vitabu waendesha bodaboda wa chama chao alituletea hesabu ya kupokezana, ambayo kwetu haikuwepo. Mwenzetu wa Bukavu, ambako vikundi vya namna hii huitwa AVEC, aliongeza sarafu ya pili, kwa sababu kwao watu huweka franga na dola katika sanduku moja. Kufikia mwisho wa 2019 tulikuwa kumi na mmoja tunaochangia mara kwa mara, wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Mwaka huohuo tuliomba ruzuku, na fomu ilikuwa na kisanduku: andika dira na dhamira ya mradi wako. Tulikaa wawili usiku mmoja tukaandika hivi: "Kuwa jukwaa kinara la kidijitali linalowezesha ujumuishi wa kifedha kwa jamii kupitia teknolojia bunifu, endelevu na shirikishi." Aliyewahi kusubiri foleni kwenye korido ya halmashauri yoyote Tanzania anaijua lugha hii. Iko ukutani, ndani ya fremu ya kioo: Dira, Dhamira, Maadili ya Msingi. Tuliiazima kwa sababu ndiyo lugha ya maandishi mazito tuliyokua nayo. Ruzuku hatukupata. Sentensi tuliibandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi, ikakaa.

Mwaka 2020 nilijifungua, nikawa nje ya kazi miezi minne. Niliporudi nilikuta toleo jipya limeshatoka, na ili kulifungua ilibidi uingie akaunti kwa mtandao. Aliyeifanya kazi ile aliifanya kwa uangalifu mkubwa na kwa nia njema: simu hupotea, simu huibiwa, na kitabu cha kikundi kisipohifadhiwa mahali pengine kinapotea nayo. Wachangiaji wengine wawili waliipitia wakaikubali. Lakini kikundi kimoja cha juu huko Mgeta, ambako mtandao unashika ukipanda kichuguu na kupotea ukishuka, kilikusanyika siku ya kikao na kitabu hakikufunguka. Walirudi kwenye daftari. Hawakutulalamikia hata kidogo; nilizisikia habari zao kwa mtu mwingine, miezi miwili baadaye.

Nilikasirika, na usiku ule niliandika ujumbe mrefu wa kuwauliza wenzangu wamewezaje kusahau jambo la msingi namna hii. Kabla sijautuma nikajiuliza: jambo hilo la msingi limeandikwa wapi? Nilitafuta. Maelezo ya mradi hayakusema. Dhamira yetu haikusema. Akaunti ya mtandaoni ni "teknolojia bunifu" kama ilivyo nyingine yoyote. Kwamba programu lazima ifanye kazi pasipo mtandao ilikuwa kichwani mwangu na vichwani mwa wawili tulioanza nao, mmoja wao akiwa ameshaajiriwa na hana muda tena. Kijana wa Mombasa na dada aliyetengeneza ile akaunti hawakuwahi kukaa kwenye mkeka wa Kihonda. Wangejuaje?

Ujumbe ule niliufuta.

Hapo ndipo nilipoanza kulitafakari swali ambalo watu wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitumia na kuzibadilisha, hulibishania sana: je, jumuiya inayofanya kazi kwa kujitolea inahitaji tamko rasmi la dhamira, au ni makaratasi tu? Wanaosema haihitaji huitaja Linux, na ni kweli. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliwaarifu watumiaji wa Minix, mfumo mwingine wa kompyuta, kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu. Hapakuwa na dira wala dhamira. Leo mfumo huo unaendesha seva nyingi za dunia na uko ndani ya kila simu ya Android, zikiwemo simu za vikoba vyetu. Ila nikiutazama kwa karibu naona kitu kilichosimama mahali pa tamko: mtu. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho, na kanuni yake maarufu, kwamba mabadiliko ya kiini cha mfumo yasivunje programu za watumiaji, imerudiwa kwa ukali miaka mingi hata kila mchangiaji anaijua kabla hajaleta mstari wake wa kwanza. Na Septemba 2018, mtu huyo alipojiweka kando kwa muda ili ajirekebishe namna anavyozungumza na wenzake, mwezi huohuo mradi ulipitisha kanuni mpya za maadili, kwa maandishi.

Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo kwenye mradi wetu mdogo, bila kujijua. Nilipokwenda kunyonyesha, dhamira ya mradi ilikwenda na mimi.

Tulirudisha matumizi ya bila mtandao, tukaendelea. Tamko la ruzuku halikuguswa. Nilisema tutaliandika upya tukipata nafasi, na nafasi haikupatikana hadi tulipogombana.

Ilikuwa 2021. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilitufuata. Iliahidi kuwalipa wenzetu wawili mshahara wa mwaka mzima waifanyie kazi programu hii tu. Kwa mradi ambao watu wake waliandika programu usiku, watoto wakishalala, hilo lilikuwa jambo kubwa. Sharti lilikuwa moja: programu ipeleke kwenye seva za kampuni historia ya marejesho ya kila mwanachama, ili anayelipa vizuri apigiwe simu na kupewa mkopo.

Kundi letu la WhatsApp halikulala wiki nne. Na jambo lililoniumiza kuliko yote ni hili: pande zote mbili zilitumia sentensi yetu. Waliotaka mpango ule walisema, someni dhamira, "ujumuishi wa kifedha". Mama anayeuza nyanya akipata mkopo wa ziada si ndiyo ujumuishi wenyewe? Sisi tuliokataa tukasema, someni dhamira, "kwa jamii" na "shirikishi"; nani amewashirikisha wanachama? Wote tulikuwa sahihi. Sentensi ile ilimkubalia kila mtu, kwa hiyo haikuweza kumsaidia yeyote. Tuliishia kuhukumiana nia. Mwenzetu mmoja aliitwa msaliti, mwingine akaambiwa anaweza kukataa pesa kwa sababu mume wake ana kazi. Aliyeambiwa hivyo ni mimi.

Watatu waliondoka. Walichukua nakala ya programu wakaenda kuiendeleza kivyao na kampuni ile, na leseni yetu iliwaruhusu kabisa. Siwalaumu kwa hilo. Mmoja wao ni yule mwenzangu wa kwanza kabisa, tuliyeanza naye mezani chuoni. Bado tunasalimiana, lakini kwa adabu, si kwa undugu.

Baada ya hapo nilisoma jinsi wengine walivyopita. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo wa Linux kwa nguvu za watu wa kujitolea, ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Alikuwa na tamko lake tangu mwanzo, lakini ahadi wanazozifuata hadi leo, ule Mkataba wa Kijamii, zilipitishwa tarehe 5 Julai 1997. Bruce Perens aliandika rasimu, na wachangiaji wakaichambua kwa takriban mwezi mzima kabla ya kuipokea. Yaani ilipita miaka minne ya kufanya kazi kwanza. Ahadi ni tano. Moja inasema hawataficha hitilafu: orodha nzima ya matatizo ya mfumo itabaki wazi kwa umma wakati wote. Nyingine inasema kipaumbele chao ni watumiaji na programu huria. Unaweza kuishika ahadi kama ile mkononi ukamwuliza mtu, je, hiki ulichokifanya kinailinda au kinaivunja? Sentensi yetu haikuwa na mahali pa kushika.

Kuna lingine nililojifunza kwao, na nitalirudia mbele. Mwaka 2004 walirekebisha maneno ya mkataba ule, na wengi walidhani wanasafisha lugha tu: ahadi iliyosoma kama inahusu programu ikawa wazi kwamba inahusu kila kijenzi cha mfumo. Msimamizi wa matoleo alipoyasoma maneno mapya, alisema kwamba kwa mkataba ulivyo sasa toleo walilokuwa wakiliandaa haliwezi kutoka, kwa sababu ndani yake mna nyaraka na vipande visivyotimiza ahadi. Ikabidi wapige kura nyingine kuahirisha utekelezaji, na toleo lenyewe, Sarge, likatoka Juni 2005. Neno moja lilisimamisha kazi ya mamia ya watu.

Lakini aliyenifungua macho hasa ni mama mkubwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi kama chao daraja la nne, na vikatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Hapakuwa na usajili bila katiba. Wakati sisi tunagombana, wao walikuwa wakiisoma yao upya kifungu kwa kifungu ili waipeleke kusajili, nami nilimsaidia kuichapa. Nilimweleza yaliyotupata, nikamsomea sentensi yetu. Alinyamaza kidogo.

"Mwanangu, hiyo inasema nyie ni wazuri," akasema. "Katiba yetu haisemi sisi ni wazuri. Inasema ukichelewa unalipa ngapi, na sanduku lina kufuli tatu, na wenye funguo hawatoki nyumba moja."

Nilirudi kwenye karatasi niliyokuwa naichapa. Ni kweli. Kurasa sita, na karibu kila kifungu kilitokana na ugomvi fulani alioukumbuka yeye. Kile cha funguo kiliandikwa baada ya mama na mkwewe kushika funguo mbili kati ya tatu.

Tuliandika upya mwanzoni mwa 2022, na safari hii hatukuandika wawili. Tulianza na magomvi. Kila mtu aliombwa alete jambo moja ambalo mradi uliwahi kulifanya likamuumiza, au ambalo angeondoka kama lingefanyika. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kliniki alituonyesha dhamira ya OpenMRS, ule mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na ambao Eldoret, Kenya, ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kuutumia. Dhamira yao ni ndefu kuliko ninavyopenda, lakini inataja waziwazi mazingira wanayoyalenga: mahali penye rasilimali chache. Msomaji anajua ni daktari gani anayefikiriwa. Nasi tukamtaja mtu wetu. Baada ya wiki sita tulibaki na hizi:

Programu hii ni ya mweka hazina wa kikundi kidogo cha kuweka na kukopa; wengine wanakaribishwa, lakini tukilazimika kuchagua, tunamchagua yeye. Kila kazi ya siku ya kikao itafanyika bila mtandao. Taarifa za mwanachama hazitoki kwenye simu ya kikundi mpaka kikao cha kikundi kiamue. Kila hesabu itaonyesha njia yake. Tutajitahidi programu ifanye kazi kwenye simu za zamani.

Chini yake tuliongeza utaratibu wa kuzibadilisha: siku 30 za majadiliano, kisha kura, na theluthi mbili wakubali.

Je, zimetufaa? Sijawahi kukutana na mchangiaji hata mmoja aliyejiunga nasi kwa kuvutiwa na sentensi hizi. Wanakuja kwa sababu mama zao wana kauntabuku. Anayedhani tamko la dhamira litamletea watu au kuwatia moyo waliochoka, mimi sikuliona hilo. Nilichokiona ni kwamba ugomvi umekuwa mfupi, na umehama kutoka kwa watu kwenda kwa maneno. Mwaka 2023 mtu alituletea kazi safi ya kupakia namba za vitambulisho na picha za wanachama kwenye seva moja, kwa ajili ya kikundi anachokisimamia. Zamani tungemaliza mwezi tukijadili huyu ni nani na ametumwa na nani. Safari hii dada mmoja alimwandikia kwa upole sentensi ya tatu, siku ileile, naye akarudi baada ya wiki na toleo linalohifadhi kila kitu ndani ya simu. Hakukasirika, kwa kuwa hakuna aliyemshuku. Mei mwaka huohuo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika nchini, na kwa upande huo tulikuwa hatuna cha kubomoa.

Zimetugharimu pia. Kaka mmoja mwenye ujuzi kutuzidi wote alitaka programu ihudumie SACCOS kubwa, zenye maelfu ya wanachama na matawi. Alisoma sentensi ya kwanza, akaelewa, akatuaga vizuri. Kazi yake naikosa hadi leo, na kuna siku najiuliza kama tulikuwa na haki ya kuufunga mlango ule kwa ajili ya vikundi vya watu 28. Nikiwaza Mgeta, naona ndiyo. Ila si jibu jepesi, na anayesema tamko zuri halimfukuzi mtu hajawahi kuwa nalo.

Sentensi ya tano ndiyo iliyotusumbua zaidi. Mwaka 2024 maktaba moja tunayoitegemea, yaani kifurushi cha programu kilichoandikwa na wengine, iliacha kuhudumia matoleo ya Android ya miaka ya nyuma. Nusu yetu wakasema tumejitahidi vya kutosha, tusonge mbele. Nusu wakasema kujitahidi ni kuandika sehemu ile wenyewe, hata kama itachukua miezi mitatu. Nikakumbuka Debian na neno lao la 2004. Sisi letu lilikuwa "tutajitahidi," na kila mtu alilipima kwa kibaba chake.

Jumamosi moja nilikwenda Kihonda na karatasi iliyochapwa. Kikao kilikuwa kimekwisha, sanduku lipo katikati ya mkeka, kufuli mbili zimeshafungwa, wa tatu akitafuta ufunguo wake kwenye pindo la kanga. Nilimwomba mama mkubwa azisome zote tano. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika ya mwisho aliomba kalamu, akalikata "tutajitahidi."

"Hili ni neno la mdaiwa," akasema. "Semeni ni simu gani."

Aliwauliza wenzake waliobaki. Wakatoa simu zao, tukazipanga mkekani, nikaandika toleo la kila moja. Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya yule mama wa shilingi 4,500. Toleo la simu yake ndilo lililoingia kwenye sentensi ya tano, baada ya siku 30 na kura, na sehemu ile tuliiandika wenyewe. Ilichukua miezi minne.